Mto Usiosikika

Nilikuwa nikiandika usiku, jikoni,
miguu ndani ya beseni la maji moto:
lari mbili kwa kila maoni ya mgeni,
lari tatu nikitia kosa la tahajia
ili nionekane mtu.

Nimekuwa Helga wa Bremen, aliyepona mgongo
kwa godoro la Batumi.
Nimekuwa wanandoa wa Lyon, mke na mume pia,
wakikumbuka fungate.
Nimekuwa mzee Piotr, bahili wa sifa,
atoaye nyota nne kwa sababu ya taulo,
na huyo ndiye aliyeaminiwa kuliko wote.

Nyumba ya Guram, milimani Racha,
nilipewa mwezi Februari.
Picha tatu: kitanda, ngazi, paka.
Wageni ishirini na wawili wa kubuni.
Nikatazama ramani, nikaona uzi wa buluu karibu na nyumba,
nikaandika: usiku unalala na mto masikioni.
Nilikuwa na njaa, nikaongeza:
asubuhi, mkate wa moto wenye maharage ndani,
mwenyeji anaukanda kwa mikono yake.
Nikalipwa. Nikamnunulia Zaza viatu vya shule.

Agosti nikaenda. Sijui kwa nini.
Labda mchawi naye hutamani siku moja
kumwona aliyemroga.
Njia ya mwongo ni fupi, husema watu;
hii ilikuwa saa nne za basi, kona juu ya kona,
na mama mmoja akitapika
ndani ya kofia ya mumewe.

Asubuhi yake nilimkuta Guram
ana unga hadi viwikoni.
"Mimi mgane," akasema. "Sikuwahi kushika unga.
Marehemu Tsiala alikuwa akinifukuza jikoni kwa mwiko.
Ila mwezi Machi wageni walianza kuja
wakiulizia mkate.
Nikaona haya. Ningewaambiaje haupo?
Ule wa kwanza paka aliukataa.
Wa arobaini, Mjapani mmoja alilia."

Akaukata mbele yangu. Mvuke ukapanda.
Nilikula uongo wangu, ukanichoma ulimi,
na ulikuwa mtamu,
Mungu wangu, ulikuwa mtamu.

Kisha, akiifuta meza iliyokuwa safi tayari,
akauliza kwa sauti ya chini,
kama mtu aliye mbele ya daktari:
"Wewe, usiku, umesikia mto?"

Mto uko nyuma ya kilima.
Nilichosikia ni lori la mbao, na mbwa.

"Wote wameusikia," akasema. "Ishirini na wawili.
Nimelala nyumba hii miaka sitini na mmoja.
Siku hizi nazima redio, nafungua dirisha, nashika pumzi.
Sipati kitu.
Mwanangu, yule aliyeiingiza nyumba kwenye simu,
tukifika kwenye habari ya mto
hanitazami usoni."

Nilikuwa na neno. Lilifika hadi kwenye meno.
Nikasema mkate ni mtamu.

Ndani ya basi, kona juu ya kona,
niliandika kwa mara ya kwanza kwa jina langu,
Nestan, wa Kutaisi:
Mto hausikiki. Masikio ya mwenyeji ni mazima.
Mkate ni wa kweli.
Sikutia kosa hata moja.

Kesho yake yakaondolewa.
Yalishukiwa kuwa ya kughushi.

Yale ishirini na mawili yapo bado.
Helga yupo. Piotr yupo, na taulo lake.
Na huko Racha, saa sita usiku,
mzee amezima redio, amefungua dirisha,
ameketi ukingoni mwa kitanda,
unga umemkaukia kwenye kucha,
anasikiliza.