Chuma na Mlenda

Tuliirekodi kwenye karakana ya Masinjisa, Chang'ombe,
kati ya mageti yasiyolipiwa na mitungi ya gesi,
usiku tu, maana mchana anachomelea
na cheche zake hazijui kufuata mdundo.
Magodoro matatu ukutani, moja la kuazima,
lenye ramani ya mkojo wa mtoto wa jirani.
Hiyo ndiyo studio. Andikeni hivyo kwenye kasha.

Mimi ni Nyemo. Napiga muheme.
Naubana magotini kama alivyoubana mama,
na mama yake, kule Mvumi, siku za jando.
Ila wao hawakuwahi kushindana na gitaa la Chilongani
lililochomekwa kwenye spika kuukuu ya kutangazia mnada,
gitaa linalonguruma kama lori la zege
likipanda mlima bila gia ya pili.
Wiki ya kwanza nilishindwa.
Nilipiga hadi kiganja kikavimba,
nikawa kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba yenye sherehe.

Lechipya anaimba. Kuimba ni neno la heshima;
anafoka. Mchana anauza chipsi stendi ya Nane Nane,
usiku anafoka kuhusu bei ya debe la uwele,
kuhusu shamba la babu yake lililopimwa viwanja
akapewa karatasi yenye mhuri,
na mhuri haupikiki.

Ndipo akaja Sogoti na ilimba yake.
Mlinzi wa zamu kule Mtumba, sikio moja limekufa.
Alitaka posho kwanza, akaihesabu mara mbili,
akalalamika kuwa chai haina sukari.
Alipoanza kupiga, Mbonea, kijana wetu wa mitambo,
akakunja uso ndani ya visikilizio:
"Kuna kitu kinakwaruza. Kuna mdudu humo.
Nimsafishe?"

Sogoti akaigeuza ilimba, akatuonyesha tundu,
na juu ya tundu utando mweupe wa buibui
ulionata kama ngozi ya maziwa.
"Huyo ndiye anayeimba," akasema. "Mimi nabonyeza tu.
Ukimsafisha, nirudishie nauli."

Chilongani akakitazama kisanduku chake chekundu,
kile cha kuikwaruza sauti ya gitaa,
alichouzia mbuzi wawili na baiskeli.
Akakizima.
Akakiwasha tena.
Miaka yote tulidhani tumeiazima kelele ughaibuni,
na tulikuwa tayari kuomba radhi kwa deni hilo;
kumbe kelele ilikuwa kwenye pembe ya tembe la bibi,
inasuka,
inangoja inzi.

Wimbo wa nane, umeme ukakatika.
Gitaa likafa katikati ya neno.
Kinasa cha Mbonea kilikuwa na betri, taa yake nyekundu
haikupepesa, nasi hatukumuuliza mtu.
Zeze likaendelea. Ilimba ikaendelea.
Masinjisa, aliyekuja kudai pango, akaokota nyundo
akagonga bomba la geti la mchungaji,
tik, tik, kwa aibu, kisha bila aibu.
Lechipya alifoka hadi akabaki na pumzi tupu,
na ile pumzi tupu tumeiacha humo.
Mbwa wa Chang'ombe wamo pia.
Na katika giza lile, kwa mara ya kwanza,
niliusikia muheme wangu kabla sijaupiga.

Nakala mia. Wino wa kasha ulichuja,
uso wa Lechipya ukawa rangi ya zabibu.
Nakala moja nikaipeleka Mvumi, nyimbo zote nikazitia pia
kwenye simu ya mama yenye kioo kilichopasuka.

Nyimbo saba alichambua karanga bila neno,
ila kwenye wa tatu aliuliza nani kafa.
Wa nane ulipoanza, sinia likaachwa.
Nilitazama chini, nisimtazame usoni:
magoti yake, ndani ya kanga,
yalikuwa yamebana mahali pasipo na kitu.

"Mmeharakisha," akasema.