Kaunta Buku

Jumatatu. Uji wa lishe, nusu kikombe.
Saa nne, tumbo limewambwa ngoma.
Saa sita, choo: maji ya bizari, povu juu.
Saa nane usiku, kilio.
Naandika kwa taa ya simu
mwandiko wa mwenye duka anayedai.

Zamoyoni ana mwaka na miezi minne
na tayari Tabata nzima inalijua tumbo lake.
Mama Lwitiko wa chumba cha mbele kasema meno.
Wa chumba cha uani kasema mchango,
akaleta mizizi ndani ya chupa ya soda.
Muuza genge kasema jicho,
mtoto ana mashavu, watu wanaangalia.
Duka la dawa wakasema minyoo, elfu tatu,
na wiki iliyofuata wakasema minyoo tena.

Mama mkwe, kwa simu kutoka Utete,
hakusema kitu.
Aliuliza tu kama mwanawe analala nyumbani.

Kubemenda.
Hakuna aliyelitamka,
lakini neno lilikaa sebuleni siku tatu
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mume wangu akanitazama, nikamtazama,
kila mmoja akihesabu saa za mwenzake za kurudi,
na katikati yetu mtoto
akikunja magoti, akikunjua,
akikunja.

Kliniki wakamning'iniza kwenye mzani
kama mbuzi wa Vingunguti.
Kilo nane na robo.
Kwenye kadi mstari umechoka kupanda,
umeinama, unachungulia kijivu.

"Uji wake una nini, mama?"
Nikataja kwa fahari, vidole hewani:
mahindi, ulezi, mchele, ngano,
soya, karanga, mbegu za maboga,
dagaa kidogo wa kusaga,
na juu yake maziwa.
Vidole vya mkono wa pili vikakaribia kuniishia.

Nesi Ng'washi akaweka kalamu chini.
"Umekiita kijiji kizima kwenye kikombe kimoja.
Kama mwizi yumo, utamkamataje?
Watoe wote.
Warudishe mmoja mmoja, siku tatu tatu.
Na uandike."

Basi mchele. Mchele mtupu, chembe ya chumvi.
Jumatano, mchele.
Alhamisi, mchele, na macho ya mtoto
yakiniuliza nimemkosea nini.
Ijumaa asubuhi, kwenye poti,
kitu chenye umbo.
Nikamwita baba yake aje aone.
Tukasimama juu yake, wawili, kimya,
kama watu waliopata hati ya kiwanja.

Ulezi: salama.
Karanga: salama, nikaziomba radhi.
Ngano: tumbo lilinguruma kidogo, likanyamaza.
Maziwa: vijiko vinne, saa kumi na mbili jioni.
Saa tano usiku magoti yakapanda kifuani.

Na hapa naandika aibu yangu, isomwe atakapokua:
mwanangu alikuwa analia
nami nilikuwa natabasamu gizani,
nasema, nimekupata.

Nesi hakutabasamu.
Kasema tusihukumu kwa usiku mmoja,
huenda ni maji, huenda ni joto hili la Machi.
Majuma mawili, halafu ujaribu tena.

Nikampigia mama mkwe.
Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyanoa.
Akasikiliza mpaka mwisho.
"Baba yake naye maziwa yalimkataa," akasema.
"Nilimkuza kwa maji ya mchele."
Nikasikia kuku wake, nikasikia mtu akitwanga.
"Na mimi walinisema."
Salio likakata, au alikata yeye.

Jumapili. Nimegeuka kuanua nguo, dakika mbili.
Zamoyoni yuko mlangoni kwa Mama Lwitiko,
kikombe cha chai ya maziwa mikono miwili,
masharubu ya povu,
anacheka meno yote sita.

Saa kumi na robo.
Kiasi: hakijulikani.
Nimechora mstari, nimeacha nafasi.