Ndiyo Niliyompa Daktari Haapasalo

Uliniuliza, macho yako kwenye kompyuta:
"Dawa unakunywa zote, Orvokki?"
Nikasema ndiyo.
Ndiyo fupi, kama mchana wa Desemba hapa Tampere,
ukipiga chafya umekwisha.

Nilianza kukujibu kwenye korido,
nikifunga koti. Vifungo sita, dakika nne.

Vile vya Alhamisi ni vya manjano, rangi ya kiini cha yai.
Tangu Jumatano jioni mate hunijaa kinywani
na sijavigusa bado. Ulimi wangu unajua kalenda.
Ijumaa ninalala nimeugeukia ukuta,
Urho anachemsha viazi, mlango wa jiko ameufunga
harufu isinifikie.
Kwa hiyo wiki yangu ina siku sita, daktari.
Zidisha kwa miaka kumi na mmoja.
Kikokotoo unacho wewe.

Vile vyeupe, vidogo, nilivipenda
kama mtu anavyompenda mkopeshaji.
Siku ya tatu nilishuka ngazi bila kushika chuma,
nikakaza skrubu za kodiani ya mteja kwa vidole hivi hivi,
saa tisa usiku nikaosha madirisha, nikiimba.
Kisha deni likabisha hodi.
Uso ukaumuka kama unga uliotiwa hamira.
Mpiga picha za pasipoti akaitazama picha ya zamani,
akanitazama, akauliza kwa adabu:
"Huyu ni nani wako?"

Unasema askari wa mwili wangu wamenigeukia,
na dawa inawalewesha wasipige.
Sawa. Wakilewa wote, langoni anabaki nani?
Mtu akikohoa ndani ya tramu, mimi hushuka,
nikatembea vituo viwili kwenye theluji
kwa magoti haya.

Dada yangu Sisko ananiletea bizari kwenye mtungi.
"Sumu hizo," anasema, "utajiua."
Nimeisoma ile karatasi iliyokunjwa mara kumi na mbili:
ini, mapafu, nywele, tena ini.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Mimi nguo nimevua zote. Kiko ndani zaidi.

Sasa lile la Machi.
Wiki tatu sikumeza kitu.
Sikuwa nimesahau. Nilitaka kujua
kama chini ya dawa bado nipo.
Nipo: goti lilijibu, taya ikajibu, kila kifundo kikajibu.
Siku ya kumi na tisa kijiko kilinishinda,
Urho akanilisha mtindi, hakusema neno,
akafuta kidevu changu kwa kiganja.
Damu yangu ilipokuja na namba mbaya
ulisema labda dawa imechoka, ukaongeza nyingine.
Nikakuacha uongeze.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku, si maumivu.

Na kifuniko cha chupa!
Kimetengenezwa ili mtoto asiweze kukifungua.
Mimi siwezi.
Anayenifungulia ni Eeli wa ghorofa ya tatu, ana miaka minane.
Anabonyeza, anazungusha, tk.
"Ni tamu?"
"Hapana."
"Sasa mbona unakula?"

Nilikosa la kusema. Nikaivuta kodiani mezani,
gundi ya mivukuto imekauka asubuhi ile,
nikampigia polka aliyopenda baba yangu.
Kidole cha pete kimepinda, kinagusa vitufe viwili kwa mpigo.
Eeli akacheka: "Umekosea!"
Nilikosea, kweli. Nikarudia,
nikakosea palepale,
kwa vidole vyangu mwenyewe, saa kumi jioni,
bila mtu kunishikia kitu.

Mwezi wa tano utaniuliza tena.
Nitasema ndiyo, na pengine ukiinua macho
nitasema na la Machi.

Leo Jumatano.
Mate yameanza.