Kulivika Ziwa Gunia

Jumamosi tena. Tumekuja Derravoe kulivika ziwa gunia.
Fintan amerudisha trela kinyumenyume hadi magurudumu yakalowa,
Dympna anagawa chai na glavu zisizolingana,
na majora ya juti, mazito kama ndama aliyegoma,
tunayashusha watu wanne wanne, tukihesabu kwa sauti
mgongo wa mtu usije ukakatika.

Chini kuna msitu.
Zamani watoto walioga hapa na vidole vya miguu tukaviona;
mwaka huu injini ya boti imekabwa koo mara tatu,
na kijana wa mashindano alirudi gatini
kasia lake limeota ndevu.

Gugu hili ukilikata, linashukuru.
Kila kipande, hata cha urefu wa ukucha,
kinashuka, kinakaa, kinaitwa mama.
Bibi wa halmashauri alituambia ni majike matupu,
hakuna dume hata moja Ireland nzima.
Halingoji harusi. Linangoja uzembe.

Basi dawa yake giza.
Wapiga mbizi wanaitandika juti sakafuni mwa ziwa,
wanaikandamiza kwa mawe,
na mapovu yao yanapanda
kama chungu kinachofikiria kuchemka.

Ikifika chai, kesi inaanza.
Ni wavuvi wa kaunti ya pili, hawaoshi boti zao.
Ni wale Wajerumani wa nyumba ya kupanga.
Fintan anashikilia kwamba ni bata.
Mimi napuliza kikombe changu.

Machi, miaka kumi na moja nyuma,
binti yangu Gráinne alikuwa na tangi, samaki wawili wa dhahabu,
na kichaka cha kijani kilichojikunja,
tulichokinunua mjini, yuro mbili kifungu.
Samaki walikufa. Tangi likanuka.
Nikaona haya kumwaga chooni kitu kilicho hai,
nikaja hapa usiku na ndoo.
Kilielea kidogo, kama mgeni anayeuliza njia,
kisha kikazama.

Mchuma janga hula na wa kwao.
Mimi nimewalisha kijiji kizima,
na bado wananiongezea chai.

Saa tisa Oisín anaibuka, anavua kinyago, meno yanagongana.
Juti ya mwaka juzi, anasema, imeanza kuoza,
na katika matundu yake yanapenya majani ya zamani ya ziwa,
membamba kama uzi.
Gugu lina shingo nene, limebaki chini.
Watu wakapiga makofi.
Nami nikapiga,
glavu zangu zote mbili za mkono wa kushoto.

Yamebaki majora sitini.
Nani atakuja Jumamosi ijayo, anauliza Fintan,
na mkono wangu ndio wa kwanza kupanda,
kama kawaida yake.
"Wewe na moyo wako huo," anasema Dympna,
akinikunjia mkate wa mwisho katika karatasi
nikale nyumbani.