Kwanza Fungua Kibati

Tulifika Ijumaa, saa tano za usiku,
jua likiwa bado halijaamua kulala.
Mwezi wa sita kusini mwa Estonia mbingu haizimwi,
hupunguzwa tu, kama utambi wa taa ya chemli.
Külli akapapasa ufunguo chini ya ndoo yenye kutu.
Nyumba ya bibi yake ikatupumulia usoni
harufu ya panya, sabuni kuukuu
na matufaha ya mwaka juzi.

Tulikuwa wanne. Zamani pia tulikuwa wanne,
ila mmoja amebadilishwa.
Hilo hatukulisema. Tulisema habari za mbu.

Sander akataka kuwasha jiko la matofali.
Mtoto wa mjini, viganja laini, nia njema;
alipanga kuni kama mtu apangaye vitabu,
na moshi ukaturudia sote, tukatoka nje tukikohoa,
Helve akicheka hadi akakaa kwenye umande.
Ndipo nikafungua kabati kutafuta kitambaa,
nikaukuta ule mwandiko, ndani ya mlango, kwa kalamu ya risasi:

Moja. Kwanza fungua kibati cha dohani, mjinga wewe.
Mbili. Gazeti, kisha vijiti, kisha subira.
Tatu. Pampu hukoroma kabla ya kutoa maji. Usiipige.

Hivyo hadi tisa. Raivo. Herufi zake zimeinama upande mmoja
kama watu wapandao kilima penye upepo.
Nikageuka. Külli alikuwa nyuma yangu.
"Msomee," akasema.
Nikamsomea Sander, naye akatii, namba kwa namba,
na jiko likanguruma kama paka aliyesamehe.

Jumamosi tulioga mvuke, tukachapana kwa matawi mabichi,
tukakimbilia ziwani uchi,
watu wa miaka arobaini na kitu,
vitambi vyetu vikitangulia.
Usiku tukakoka moto wa katikati ya kiangazi,
tukala samaki wa chumvi na mkate mweusi.
Helve akaanza: "Mnakumbuka Raivo alipo..."
kisa kikamfia mdomoni.
Sander akachochea makaa. "Alipofanya nini? Malizia."
Akamalizia. Kilikuwa kisa cha mtumbwi na mbuzi wa jirani,
na aliyecheka kutushinda alikuwa Sander,
nami sikujua nimpende kwa hilo au nimwogope.

Jumapili mvua ilinyesha. Tulicheza karata.
Hakuna cha kusimulia,
na ndiyo siku niliyoipenda zaidi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
jembe letu likawa pampu.
Jumatatu, mabegi yakiwa mlangoni, ikakataa kunyamaza.
Nikarudi kabatini. Unyevu ulikuwa umetangulia:
Tisa. Mkiondoka, msisahau ku
na baada ya hapo doa la maji.

Külli akachukua simu, akaenda hadi kwenye nguzo ya umeme
pembeni mwa shamba la shayiri, mahali pekee penye mtandao.
Tulimwona kwa mbali, mkono kiunoni, akisikiliza.
Kisha akapaza sauti: "Koki ndogo! Nyuma ya pipa! Kushoto!"
Sander akaingia kwa magoti, akazungusha.
Kimya kikaanguka uani kama shuka.

Lakini simu hakuikata.
Tulipakia gari. Tulifunga madirisha. Tukamfuata.
"Anauliza kama korongo wamerudi," alisema, macho kwenye shayiri.
Kiota kilikuwa juu ya nguzo, juu ya kichwa chake,
na ndege yule, kama mjuavyo, hana sauti,
hugonganisha mdomo tu, mithili ya mtu avunjaye vijiti,
tena apendapo mwenyewe.

Külli akanyoosha mkono juu kabisa, simu ikielekea kiota,
akasimama hivyo kwa ncha za vidole.
Ndege akakawia.
Tukangoja, hakuna aliyetazama saa,
na Sander akamshika kiuno asianguke.