Urukususu wa Pontefract

Keziah Birtwhistle alirithi deni, sufuria ya shaba
na shamba la urukususu lisilozidi ukumbi wa kanisa.
Mumewe alizikwa Jumanne. Jumatano akawasha jiko.

Mzizi huu una maringo: miaka mitatu, minne udongoni
ndipo ukubali kung'olewa. Akaungoja.
Akauchemsha hadi ukawa mweusi kama wino wa karani wa benki
aliyemwambia, "Mama, peremende si kazi ya mjane."

Aliyemwuliza nani kamfunza vipimo
alionyeshwa ulimi.

Wasichana mia mbili wakapiga mhuri kwa mkono,
kidonge kwa kidonge, elfu thelathini kwa siku kila mmoja,
vidole havikutakata hata Jumapili.
Ijumaa aliwalipa mwenyewe, dirishani,
na aliyejifungua alipelekewa ujira kitandani.
Wenye viwanda jirani walinung'unika: huyu ataharibu soko.

Kisha, asubuhi moja langoni,
mtoto wa mpiga mhuri akamchekea:
meno ya mbele hayapo, yaliyobaki meusi.
Akadhani ni urukususu. Akamwambia asukutue.
Akasukutua.
Yakabaki vile vile.

Usiku ule hakula.

Mwaka uliofuata, mkabala na kiwanda,
ikafunguliwa zahanati ya meno, bure,
milango miwili, mmoja mfupi, wa watoto.

Mji ukacheka: anauza jeraha, anagawa bandeji.
Hakubisha.
Alikuwa benchini, wa kumi na moja kwenye foleni,
shavu limevimba.