Dawa ya Karani

Ni panya aliyemng'ata.
Naomba hilo lieleweke kwanza,
maana Isevya nzima wanasimulia vingine:
ati chatu kajing'ata mwenyewe kwa hasira,
ati mizimu ya mjomba imemrudia.
Panya. Mzima, wa shilingi elfu mbili,
niliyemtumbukiza kwenye sanduku la mninga
nikaenda kugeuza vitumbua, nikasahau.
Kitoweo kikamla mlaji.

Kidonda chenyewe kama punje ya karanga,
juu kidogo ya mkia.
Magamba matatu yamenyanyuka,
vigae baada ya upepo wa Oktoba.
Usaha hakuna. Harufu hakuna.
Karani kajikunja pembeni,
ulimi wake unauliza, unaingia, unatoka, unauliza.

Mihayo wa nyumba ya pili kafika kabla ya chai:
"Mpake maji ya tumbaku."
Mtu kalima tumbaku Urambo miaka ishirini,
kila masika anaimwaga kizingitini
ili nyoka wasiingie,
leo anaiita dawa ya nyoka!
Shangazi Holo akataja majivu.
Fundi pikipiki akataja mafuta ya breki, akacheka peke yake.
Mjomba Lugendo angesema asali,
lakini mjomba,
aliyecheza na Karani shingoni
kila mavuno, Nzega mpaka Sikonge,
yuko udongoni,
na daftari lake la dawa mchwa wamelisoma lote
wakaniachia jalada.

Basi nikaenda duka la dawa, nyuma ya soko.

"Mgonjwa ana miaka mingapi?"
"Kumi na mmoja."
"Uzito?"
"Kilo kumi na nne."
"Mbona mwepesi hivyo?"
"Ni mrefu," nikasema. "Karibu mita tatu."
Kalamu ya Mwamvua ikasimama.

Hakupiga kelele. Namshukuru kwa hilo.
Alipanga mirija mitatu juu ya kioo
kama mtu anayepanga karata,
akausukuma ule wa bei kubwa:
"Huu una ganzi. Maumivu yanakatika papo hapo."
Nami moyo ukaukimbilia.
Nani asingemtakia wake
kitu kinachokata maumivu papo hapo?

Nikampigia daktari wa mifugo, yule wa Ipuli.
Nyuma yake ng'ombe alikuwa analia.
"Wa ganzi uache," akasema.
"Kinachomtuliza mtu
huweza kumsimamisha nyoka pumzi.
Soma maandishi madogo. Jina likiishia na *keini*, rudisha.
Wenye kotisoni nao rudisha.
Chukua ule mkavu, dawa ya vijidudu basi,
usiokuahidi kitu kingine."
Akamkemea ng'ombe, akarudi:
"Uoshe kwanza kwa iodini iliyozimuliwa,
rangi ya chai ya mgeni usiyemtaka.
Upake utando, siyo mkate na siagi.
Ukiona uvimbe, usinipigie tena. Mlete."

Ule mkavu ulikuwa wa bei ndogo kuliko yote.
Nikaona aibu kidogo, kama niliyemnyima.

Usiku nikatoa maranda sandukuni, nikatandika magazeti
yasije yakagandia kidonda.
Karani akanizunguka mkono,
baridi, mzito, bila neno.
Sikujua kama anaumwa.
Hilo ndilo lililonikosesha usingizi:
mtoto hulia, mbuzi hulia,
hata mlango wa Mihayo hulia,
na huyu kanipa mwili wote
bila hata sauti ya kunielekeza.
Nikapaka. Kidole kimoja, taratibu,
kufuata magamba, siyo kuyapinga.

Siku ya tisa ukingo umekauka.
Panya simjui aliko; usiku nasikia
gunia la unga likizungumza.
Sasa nanunua waliokufa.

Nilipopita kulipa deni la iodini,
Mwamvua alifungua daftari lake la wateja:
Jina, Karani. Miaka, kumi na mmoja.
"Jinsia?"
Tukatazamana.
"Andika mume," nikasema,
"kwa penseli."